Lori la Marehemu Mniko

Hii ninayotaka kuwaambia, wapwa zangu, hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Shemeji yangu Mniko alinunua lori miaka saba baada ya sisi kumzika. Si mzimu, si uchawi, msianze kutafuta maji ya baraka. Kadi ya gari ilikuwepo, ina namba, ina rangi ya gari, ina jina lake lote mpaka la babu. Na kaburi lake lilikuwepo nyuma ya migomba, limejengewa saruji. Mtu yeyote angeweza kusoma tarehe ya kadi, akatembea mpaka kaburini, akasoma na ile ya pale, akashangaa peke yake.

Mimi ni Wiliam, tumbo moja na mjane wa huyo marehemu. Shule niliishia la sita. La saba nililiona dirishani. Lakini kwa kusimulia, toka Tarime mpaka Kisaka hakuna anayenifikia, na wanaobisha huwa wanabisha huku wamekaa kunisikiliza.

Habari yenyewe ni ya dada yangu, Mokami. Anaishi nje kidogo ya mji wa Tarime, ananunua mahindi na maharage kwa wakulima na kuyauza mpakani Sirari. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kusimamisha bodaboda bila kunyoosha mkono. Sasa hivi anamenya ndizi mbele yangu, na amenilazimisha nimsomee kila ninachoandika, maana anasema mdomo wangu hauna breki.

"Andika na hilo," amesema.

Nimeandika.

Mokami alizaa na Mniko binti mmoja, Scholastica, kisha ugonjwa wa ini ukamchukua mwanamume. Sasa ninyi mlio mbali mtasema, mtoto ni mtoto, binti naye si mtu? Ni mtu. Lakini kwetu Wakurya binti ataolewa aondoke, na nyumba isiyo na mtoto wa kiume ni kama moto uliofunikwa sufuria. Unazimika wenyewe huku watu wanatazama. Ndugu wa mume wanaanza kupita pita, wanapima shamba kwa macho, wanauliza habari za ng'ombe kwa upole ambao hukuwahi kuusikia kabla ya msiba.

Scholastica alipoolewa na kijana wa Nata, mahari iliingia, ng'ombe wazuri wa kutembea kwa maringo. Mokami akafanya walichofanya bibi zetu. Akachukua sehemu ya wale ng'ombe, naye akaoa. Mnashangaa nini? Aliyeolewa aliitwa Modesta, msichana mtulivu wa kutoka milima ya juu. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobu: mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke kwa ng'ombe zake, na watoto wa yule mwanamke wanakuwa watoto wa nyumba. Modesta akazaa mtoto wa kiume, Daudi. Kwa hiyo Daudi ni mtoto wa Mniko. Nani alimsaidia Modesta kumpata, hilo haliulizwi, na ukiuliza utafukuzwa na mwiko wa akina mama wawili. Wazee wa ukoo wa Mniko walikuja, wakala nyama, wakambariki mtoto kwa jina la baba yake, wakafuta mdomo, wakaenda zao.

Ng'ombe waliobaki Mokami akawagawa mara mbili. Nusu aliwaacha zizini, ndio watakaomwolea Daudi akikua. Nusu akawauza, akaongeza na fedha zake za mahindi, akaenda Mwanza akarudi na Fuso kuukuu lenye kichwa cha bluu. Jioni ile mtaa mzima ulikuja kuligusa kana kwamba ni mtoto mchanga.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na nataka mlione vizuri, kwa sababu si kosa la ujinga. Siku ya kwenda kuliandikisha nilimwambia mwenyewe, tena asubuhi, sijanywa kitu.

"Dada, andika jina lako. Jasho ni lako."

"Niandike jina langu, halafu Daudi akikua aambiwe nini? Kwamba ng'ombe za nyumba ya baba yake mama alizigeuza magurudumu yake mwenyewe?"

"Lakini baba yake amekufa."

"Amekufa, hajahama," akasema Mokami. "Shamba ni la Mniko. Zizi ni la Mniko. Hata wewe ukitafutwa unaambiwa uko kwa Mniko unakula. Mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa kaburini anahitaji kuonyesha mali ya baba yake. Hili lori ndilo litasema Daudi ni wa nani."

Mtu wa Dar es Salaam hawezi kukosea hivyo, mura, kijana wangu. Yeye angeandika jina lake usiku na mchana. Kosa kama lile linahitaji mtu anayeiheshimu nyumba kuliko tumbo lake.

Mniko enzi zake alikuwa na duka la misumari na mabati, kwa hiyo namba yake ya mlipakodi ilikuwepo, haikuwahi kufungwa. Wakala mmoja wa mjini, wale wenye kompyuta moja na viti viwili, akachukua nyaraka za gari, akaikuta namba, akauliza, "Mzee mwenyewe yuko wapi tumpigie?"

"Yuko nyumbani," akasema dada yangu, "amelala."

"Basi tusimsumbue."

Uongo uko wapi hapo? Alikuwa nyumbani, na alikuwa amelala. Kadi ikatoka.

Lori likafanya kazi. Lilikuwa linashuka Kisaka kuchukua mahindi, linarudi Tarime, linapanda Sirari. Na Sirari ndiko lilikokuwa linaishia, maana halikuwa na leseni ya kuvuka. Mzigo unashushwa chini upande wetu, wachukuzi wanaubeba mgongoni, unapakiwa kwenye malori ya Wakenya. Bei anapanga mwenye lori linalovuka. Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa Migori, kijana wa kofia nyekundu, kila akimwona Mokami anatabasamu kama aliyeokota kitu.

"Mathe, leo hiyo ndio bei. Ukikataa, rudi nayo tu."

"Jana ulitoa zaidi."

"Jana ilikuwa jana, mathe. Na hiyo mawingu unaiona?"

Mawingu ameyaona. Mahindi yako chini, turubai limetoboka. Anauza. Halafu anasimama pale getini anaangalia mahindi yake yakienda Kisii kutajirisha mtu mwingine. Siku moja akarudi nyumbani, akakaa, akasema mbele ya Modesta na mimi: "Hili gari litavuka. Daudi hatasomeshwa na mabaki ya yule mwenye kofia."

Basi akaanza. Kuvusha lori la biashara, wapwa zangu, si kuwasha injini na kupiga honi. Inatakiwa leseni ya usafirishaji ya nje ya nchi. Gari likaguliwe, breki, taa, matairi. Bima ya kadi ya njano, ile inayokubalika ng'ambo. Kila kitu mpaka tangi la mafuta linaandikwa, ukubwa wake na mahali lilipo, maana mafuta nayo yana kodi yake na kila nchi inataka ya kwake. Mokami akabadilisha matairi. Akalipeleka ukaguzi, likapita. Alikuwa mwepesi siku zile, anatembea kama anayesikia ngoma. Mimi nikaanza kujifunza Kiingereza cha Isebania, ng'ambo ya geti.

Ikabaki leseni. Tukaenda wote ofisini, na mimi nimevaa koti. Dada mmoja wa dirishani akaangalia kadi, akaangalia kompyuta.

"Mama, mmiliki aje mwenyewe aweke alama za vidole."

"Mimi ni mke wake."

"Sawa, mama, lakini siku hizi vidole haviazimwi. Anaumwa?"

Mokami akainama karibu na dirisha.

"Alikufa."

"Pole sana. Lini?"

Akamwambia. Yule dada akaangalia tena kadi. Akaangalia tarehe. Akainua macho taratibu, si kwa ukali, ila kama mtu aliyekuta nyoka kwenye droo na hataki kumshtua.

"Mama," akasema, "hili gari haliwezi kwenda popote mpaka lipate mrithi. Nendeni kwenye ukoo, mkae kikao, mteue msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe. Akija huyo na karatasi yake, nitamhudumia."

Sikilizeni hapo. Mlango wa Kenya ulikuwa unafunguliwa kwa ufunguo ulioko kwa ukoo wa Mniko. Na dada yangu mwenyewe ndiye aliyeenda kuwaamsha.

Kikao kilikaliwa Nyakunguru, sebuleni kwa Hezekia, mdogo wake marehemu. Hezekia ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Ameingia mashimoni tangu ujana na bado hajatoka na kitu, na mtu wa namna hiyo ukimwekea lori mezani usitegemee atalikataa. Bati lilikuwa linawaka juu, wazee wamejipanga kwenye makochi. Mimi ni mjomba, si wa ukoo ule. Mjomba kwenye kikao cha watu ni wa kupewa kiti cha plastiki na soda. Nilikunywa soda.

Mokami akaeleza. Akasema anaomba yeye awe msimamizi, gari livuke, lifanye kazi, Daudi akifika umri alichukue.

"Mke wetu amesema vizuri," akaanza Hezekia. Ukisikia mjane anaitwa "mke wetu" kwa sauti laini, funga ng'ombe. "Mke wetu hana kosa. Tena tunamshukuru. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, amekubali kwamba lori ni la kaka. Ameandika. Sasa mali ya kaka inasimamiwa na ndugu za kaka, ndiyo mila. Mwanamke hasimamii mali ya ukoo."

"Nimelinunua mimi, shemeji," Mokami akasema.

"Kadi inasemaje?"



"Basi ni la Daudi," Mokami akasema. "Mila hiyohiyo, shemeji. Daudi ni mtoto wa Mniko. Mlimbariki ninyi."

Hezekia akageuza mikono juu, akatabasamu kwa huzuni, huzuni ya kununua dukani. "Daudi tunampenda sana. Lakini hii itaenda mahakamani, na mahakama haina habari na nyumba ntobu. Itauliza mtoto alizaliwa lini, na kaka alikufa lini. Utawajibu nini, mke wetu? Sisi tunataka kukukinga na aibu."

Mmeona ufundi wake? Kwa mama alitumia mila. Kwa mtoto alitumia serikali. Alikuwa na panga lenye makali huku na huku, na dada yangu ndiye aliyelinoa. Wale wazee waliokula nyama ya baraka ya Daudi walitazama viatu vyao. Mmoja alikuwa na ndala, akazitazama hizohizo.

Hezekia akateuliwa. Mahakama ikaletewa muhtasari wa kikao wenye saini za ukoo mzima, ikampa usimamizi awatunzie warithi. Hakimu hakuwa na kosa, aliletewa kilichoandikwa. Wiki ileile Hezekia alikuja na dereva wake kuchukua lori. Mokami akampa funguo. Alimpa na turubai jipya alilokuwa amenunua kwa ajili ya Kisii, akasema, "Msilifunge kwa waya, litachanika." Modesta aliingia ndani akafunga mlango.

Na leseni ikatoka! Ukaguzi Mokami alishaulipia, matairi alishayanunua, kulibaki kuweka vidole tu. Hezekia akaweka vyake. Dada yangu akawa yuko sokoni amekaa kwenye gunia, Fuso la kichwa cha bluu linapita kuelekea Sirari, kioo cha mbele kimejaa stika kama begi la mtu wa Hija, na haliishii getini tena. Linavuka. Yeye alikuwa anafunga kilemba upya, hata kama hakijalegea.

Je, Daudi alipata hata daftari? Msiniulize maswali mnayojua majibu yake.

Sasa mjue tabia ya mchimbaji. Amezoea kwamba kilicho chini hakionekani, na ni cha anayekifikia wa kwanza. Hezekia alipoona kuna miezi dizeli ya ng'ambo inakuwa nafuu kuliko ya kwetu, akili yake ikashuka shimoni. Sheria ya mpakani haina mafumbo: mafuta yaliyo ndani ya tangi lililotoka na gari kiwandani, unapita nayo, ni ya kukufikisha. Ukibeba mengine zaidi ya hayo, ni bidhaa, unayatangaza na kuyalipia ushuru na tozo kama mtu aliyebeba sukari. Hezekia akaona hiyo ni sheria ya watu wanaotembea juu ya ardhi. Akamwendea fundi wa kuchomelea, akatengenezewa tangi la pili kwa bati la pipa kuukuu la kule mashimoni, likafichwa chini ya bodi, likapakwa tope. Akawa anarudi Tanzania na dizeli ya kuuza kwa wenye pampu za mashimoni.

Ilikwenda hivyo kwa muda, mpaka siku lori liliposimama kwenye foleni ya ukaguzi Sirari, upande wetu, jua linachoma. Bati la pipa likapanuka, mshono ukaachia. Tone. Tone. Ofisa mmoja akapita, akaona lami inang'aa mahali ambapo hapakuwa na tangi. Akainama. Akaita mwenzake, naye akainama. Mtu akiinamiwa na maofisa wawili, safari imeisha.

Lori likaingizwa uani. Kodi ya mafuta yale, na ya safari walizoweza kuzithibitisha, na faini juu yake. Lisipolipiwa kwa muda uliowekwa, mnada. Na Hezekia alipoulizwa, mnajua alichosema? Alisema yeye ni msimamizi tu. Mali ni ya familia ya marehemu. Mjane yupo, ana ng'ombe zizini, aitwe.

Alikuja mwenyewe kumwita, asubuhi, ameshika kofia.

"Shikamoo, shemeji." Hajawahi kumwamkia hivyo maishani, na wanakaribiana umri.

Mokami hakuitikia. "Umefuata nini?"

"Lori lako limepata shida."

Lori lako. Nilikuwa nakunywa uji, nikaacha. Miaka yote hiyo, kwenye kadi, kwenye kikao, mahakamani, neno hilo lilikuwa halijamfikia mtu yeyote mdomoni. Lilisubiri lori lifungiwe ndipo likatoka.

Tukaenda Sirari watu watatu, Hezekia mbele anapiga hatua fupi fupi. Fuso lilikuwa uani kati ya mengine, tairi moja limekaa chini, na turubai la Kisii limefungwa kwa waya, limechanika. Mokami alilizunguka. Akaweka kiganja kwenye mlango wa dereva, akakitoa haraka kama aliyeungua.

Ndani tulipokelewa na kijana mpole, si wa huku, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akamwamkia Mokami vizuri, akampa kiti, akamweleza kila kitu bila kumkaripia. Ng'ombe wote wa Daudi walioko zizini, wakiuzwa, wangetosha kulitoa. Wasingebaki wa kumwolea.

"Mimi naona una haki nalo, mama," akasema. "Shemeji yako hapa ameeleza kwamba ulilinunua wewe. Yuko tayari kuandika hivyo mbele yangu, na kuachia usimamizi. Ukikubali, naandika mmiliki ni wewe, unalipa, unaanza taratibu za kubadilisha kadi. Ukikataa, likifika siku yake litauzwa. Sema tu, mama. Nimwandike nani?"

Hezekia alitikisa kichwa kukubali, tena na tena. Yote aliyoyakataa Nyakunguru aliyakubali pale kwa mara moja: kwamba alinunua yeye, kwamba jasho ni lake. Kama Mokami angetaka hata Daudi awe mtoto wa Mniko mbele ya serikali, nadhani angelisaini na hilo.

Dada yangu alimtazama sana yule kijana. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mwenye gari amekufa," akasema. "Muulizeni yeye."

Wapwa zangu! Ofisi ililipuka! Yule ofisa alicheka mpaka kalamu ikamponyoka, mlinzi akashika mbavu, waliokuwa kwenye foleni wakapokezana lile neno mpaka likavuka geti bila kibali, Isebania nao wakalicheka kwa Kiingereza, Hezekia akawa anarudi kinyumenyume kuutafuta mlango, na dada yangu amesimama katikati kama malkia, na mimi nimemshika mkono nimeuinua juu, watu wote wanapiga makofi na kumshangilia kwa jina lake, Mokami, Moka—

"Wiliam," amesema dada yangu hapa mbele yangu, kisu kimesimama kwenye ndizi. "Nani alicheka?"